NANI ANAMPOKEA ALIYETOKA SEGEREA?

Wakubwa wetu wanapenda hesabu. Hutwambia kilo ngapi za unga zimekamatwa, jahazi gani limezuiliwa baharini, watu wangapi wametiwa ndani. Meza hujazwa vifurushi, wapiga picha huitwa, na mabwana husimama nyuma ya meza kama wavuvi waliorudi na papa. Hatuna ugomvi na hesabu hizo. Anayeleta unga katika nchi hii anaua watoto wa watu, na akikamatwa sisi hatutamlilia. Lakini iko hesabu moja ambayo twaitafuta katika hotuba hizo wala hatuioni: katika wagonjwa wa unga waliofunguliwa mlango wa gereza mwaka huu, wangapi walifika kwenye dirisha la dawa, na wangapi walifika kaburini kwanza?

Twaiuliza khabari hii kwa kuitaja Buguruni, na yumkini msomaji wetu wa Ng'ambo au wa Wete akasema Buguruni ni Dar es Salaam na sisi tuna yetu ya kutosha. Na aende Malindi akatazame boti ya asubuhi. Vijana wetu huvuka kwenda kutafuta riziki, na wengi wao huangukia Kariakoo, Ilala na Buguruni, kwa kuwa huko ndiko chumba hupatikana kwa bei ya maskini na kazi ya kubeba mizigo haihitaji cheti. Katika wanaovuka wamo wagonjwa. Bahari haijapata kumponya mtu unga.

Na Buguruni yenyewe ina sababu ya kutajwa. Ni mahali Barabara ya Uhuru inapokutana na Barabara ya Mandela. Atokaye Segerea, liliko gereza la mahabusu, hushuka na daladala kupitia Tabata akafika Buguruni. Atokaye Ukonga naye njia yake ya mjini haiko mbali na hapo, na Keko iko upande wa pili wa reli. Mtu aliyefunguliwa bila ya nauli ya pili, bila ya simu, bila ya mtu wa kumngoja, hapo ndipo miguu yake inapomfikisha: penye soko, penye stendi, penye vyuma chakavu na chupa za kuokota, na penye rafiki zake wa zamani. Rafiki hao humpokea vizuri sana. Humpa kete ya bure ya kumkaribisha. Katika mji mzima wa Dar es Salaam wao peke yao ndio wenye utaratibu wa mapokezi uliokamilika.

Tueleze maradhi haya kwa wale wasioyajua. Aliyezoea heroini, mwili wake umekwisha kuacha kujitegemea. Asipoipata kwa saa chache huingia katika arosto: mifupa inauma, tumbo linaharisha, jasho na baridi vinamjia pamoja, usingizi hauji. Watu huwaita mateja na kuwapigia kelele za mwizi. Sisi twalitumia neno mgonjwa, kwa kuwa daktari naye analitumia hilo na ana dawa yake. Dawa ni methadoni. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya muuguzi, ikamtosha mpaka kesho yake, arosto ikaondoka na tamaa ikapungua, akaweza kufanya kazi kama mtu mwingine. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na ikasifiwa kuwa ya mwanzo kwa programu ya namna hiyo katika bara la Afrika kusini ya Sahara. Mwananyamala na Temeke zikafuata. Huku kwetu ilianza Kidongo Chekundu mwaka 2015, na baadaye mikoa mingine ya Bara ikapata vituo vyake. Segerea nayo imetiwa katika orodha ya vituo hivyo. Haya ni mambo mema na anayeyakanusha ni mwongo, hata akiwa wa chama chetu.

Ugonjwa wetu uko kati ya kituo na kituo.

Mtu akikaa gerezani wiki kadhaa bila ya unga, mwili wake husahau. Ule uwezo aliokuwa nao wa kustahimili kipimo kikubwa humtoka. Yeye mwenyewe hajui kwamba umemtoka; anajua tu kwamba zamani alikuwa akitumia kete kadhaa kwa siku na hakufa. Anafunguliwa, anafika Buguruni, anapewa kipimo kile kile cha zamani, na pumzi inasimama. Wenzake wakidhani amelala humwacha alale. Hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza khabari za watu 30,237 waliofunguliwa kutoka magereza ya jimbo la Washington baina ya mwaka 1999 na 2003. Katika wiki mbili za mwanzo, khatari yao ya kufa kwa kuzidiwa na dawa ilikuwa mara 129 ya khatari ya wakaazi wengine wa jimbo hilo. Mara 129! Lau kama daraja lingekuwa linaua watu kwa kiasi hicho, lingefungwa siku hiyo hiyo na fundi wake akashitakiwa. Mlango wa gereza unafunguliwa kila asubuhi.

Sasa tuutazame mlango wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Hufikiriwa kwamba mfungwa ana tarehe yake ya kutoka, imeandikwa, kila mtu anaijua, na kinachotakiwa ni kumwandalia karatasi juma moja kabla. Kwa aliyehukumiwa ni kweli. Lakini mgonjwa wa unga wa Buguruni mara nyingi hakuhukumiwa. Ni mahabusu. Amekamatwa katika msako usiku, akatiwa selo, akapelekwa mahakamani, akakosa mdhamini, akapelekwa Segerea. Hana tarehe. Siku moja asubuhi anapandishwa karandinga kama siku nyingine zote, anafikishwa mbele ya hakimu, mlalamikaji hakuja au ushahidi haukutimia, na kesi inafutwa. Anatoka kwa mlango wa mahakama. Gerezani harudi; ikiwa alikuwa na kadi ya dawa, imebaki kule; ikiwa alikuwa akipewa methadoni kila asubuhi, muuguzi atamngoja kesho bure. Kwa mtu kama huyu lango la gereza liko kwenye ngazi za mahakama, na pale kwenye ngazi hakuna muuguzi, hakuna daftari, hakuna hata bango. Utaratibu wo wote utakaotungwa kwa kuwafikiria wafungwa wenye tarehe peke yao utawaacha mahabusu hawa nje, na hao ndio wanaoingia na kutoka mara kwa mara.

Na hukamatwa kwa kosa gani? Aghlabu kwa uzururaji. Neno hili lina nasaba yake. Waingereza walitunga sheria ya kuwakamata wazururaji kwao mwaka 1824, wakaisafirisha katika makoloni yao pamoja na kofia na filimbi za askari wao. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikawasomba waliowaita wahuni kutoka Dar es Salaam ikawarudisha shamba. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, na malori yakawasomba tena. Mtu alihesabiwa mkosa kwa kuwa maskini mahali panapoonekana. Mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, katika nchi yetu wenyewe, ilitoa maoni yake kwamba sheria za uzururaji za namna hii hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zilizonazo zazirekebishe au zazifute. Arusha si ng'ambo ya bahari. Barua ingefika kwa basi.

Twalitaja hili kwa sababu kila kamata-kamata ni dawa iliyokatika. Mgonjwa anayekunywa methadoni, akilala selo siku mbili, amekosa vipimo viwili. Akikosa siku nyingi, hawezi kurudishwa ghafla kwenye kipimo chake cha zamani bila ya khatari. Hana budi kuanzishwa upya kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole. Muuguzi na mgonjwa wamefanya kazi ya miezi, na msako wa usiku mmoja unaifuta, halafu asubuhi twaambiwa mitaa imesafishwa.

Ziko pia siku za furaha. Rais husamehe wafungwa katika sikukuu za taifa, na ni desturi njema. Tarehe 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533 kwa mara moja. Ndugu msomaji, ifikirie hesabu hiyo kwa macho ya mganga. Wengi hawakuwa na maradhi haya, hilo twalijua. Lakini ikiwa mmoja katika kila mia alikuwa nayo, hao ni watu zaidi ya hamsini, wametolewa siku moja, siku ya mapumziko, afisi zimefungwa, ngoma zinapigwa. Nani alikuwa amekaa dirishani?

Twafika kwenye kiini cha maneno yetu, nacho ni kwamba mgonjwa huyu mmoja ana mabwana watano. Polisi waliomkamata na Magereza waliomweka wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Hakimu aliyemfungua ni wa Mahakama, ambayo ni mhimili wake wenyewe. Hospitali inayotoa methadoni ni ya Wizara ya Afya. Kituo cha afya kilicho karibu na chumba chake kiko chini ya halmashauri, nayo iko chini ya TAMISEMI. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iko Ofisi ya Waziri Mkuu. Kila mmoja ana daftari lake na mhuri wake, na kila mmoja, ukimwuliza, atakwambia kwa haki kabisa kwamba kazi yake ameifanya. Magereza walimlinda. Hakimu alimwachia. Hospitali iko wazi. Yule kijana amekufa nyuma ya soko, na hapana afisi hata moja iliyokosea.

Na kama yeye ni Mzanzibari, ongeza mabwana wengine watatu. Afya si jambo la Muungano. Visiwani tuna Wizara yetu ya Afya, tuna Mamlaka yetu ya dawa za kulevya chini ya sheria ya mwaka 2021, na gereza letu tumeliita Chuo cha Mafunzo, jina zuri kweli kweli. Kijana anayekunywa dawa yake Kidongo Chekundu akavuka kwenda Dar es Salaam akakamatwa Buguruni, nani anaandikiana na nani? Wakubwa wa pande mbili hukaa kamati hata juu ya bei ya sukari. Na wakae juu ya hili.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha kwa nini karatasi si urasimu tu. Kifua kikuu ni adui wa magereza duniani kote, na wagonjwa wa unga hukipata zaidi ya wengine. Dawa yake kubwa ni rifampisini. Dawa hii, ikiingia mwilini, huifanya methadoni iishe upesi. Basi mgonjwa aliyeanzishiwa vidonge vya kifua gerezani akafika kwenye kituo cha methadoni bila ya khabari zake, atapewa kipimo cha kawaida na jioni arosto itamrudia. Atadhaniwa mwongo anayetaka kuongezewa, naye atarudi kwenye kete. Akimaliza vidonge vya kifua na kipimo kilichopandishwa kisishushwe, khatari inageuka upande wa pili. Mstari mmoja wa maandishi, kutoka kwa muuguzi wa gereza hadi kwa muuguzi wa hospitali, ungeyazuia yote mawili. Mataifa yamekwisha kukubaliana juu ya mstari huo: Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, katika kanuni ya 24, zinataka tiba ya gerezani iende sambamba na tiba ya raia na isikatike, na zinataja kwa majina UKIMWI, kifua kikuu na uraibu wa dawa za kulevya.

Twajua majibu tutakayopewa. Watasema kumpa methadoni ni kubadili ulevi kwa ulevi. Mwenye kusema hivi na aende akamwambie mgonjwa wa sukari kwamba sindano yake ya kila siku ni ulevi. Watasema hawa ni wezi. Wengine ni wezi, naam, na aliyeibiwa ana haki yake mahakamani. Lakini mwizi aliyeondokewa na arosto hana haja ya kuvua nyaya na mifuniko ya mitaro alfajiri, na hilo mfanyabiashara wa Buguruni analijua kuliko sisi.

Watasema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba jimbo dogo la Rhode Island huko Marekani lilipoanza mwaka 2016 kuwatibu wafungwa wake na kuwaunganisha na vituo vya nje wanapotoka, vifo vya waliotoka karibuni vilishuka kutoka 26 katika nusu ya mwanzo ya mwaka huo hadi 9 katika nusu ya mwanzo ya mwaka 2017. Ni kweli pia kwamba Scotland tangu 2011 huwapa wanaotoka gerezani naloksoni mkononi, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidiwa, na kwamba sehemu ya vifo vya heroini na jamii yake vilivyotokea ndani ya wiki nne baada ya kutoka gerezani ilipungua kutoka asilimia 9.8 hadi asilimia 6.3 katika miaka mitatu. Lakini Mauritius nayo ni kisiwa cha Afrika. Ilianza methadoni mwaka 2006, kabla ya Muhimbili, na ikaiingiza hata ndani ya magereza yake. Na tusisahau kwamba kitu tunachokidai ni cha bei ndogo. Vituo vipo. Dawa ipo. Wauguzi wapo, na wengi wao ni watu wa huruma wanaofanya kazi Idi na Krismasi, kwa sababu arosto haina sikukuu. Kinachokosekana ni mtu wa kutembea na mgonjwa kutoka mlango huu hadi mlango ule, na amri inayomtambua mtu huyo.

Basi twadai nini? Twadai kwamba kila anayeingia Segerea, Keko au Ukonga aulizwe siku ya kwanza kama ana maradhi haya, aulizwe na muuguzi, na jibu lake lisitumike dhidi yake mahakamani. Twadai kila mahabusu aliye katika dawa awe na kadi yake mfukoni kila anapopanda karandinga, ili akiachiwa na hakimu awe nayo. Twadai katika mahakama zinazopeleka mahabusu Segerea akae mtu mmoja, si lazima daktari, hata aliyekwisha kupona unga na akafundishwa, mwenye nauli ya daladala mbili mkononi na simu ya kituo. Huyo ndiye atakayesema: ndugu yangu, leo usilale Buguruni kabla hatujapita hospitali. Waliopona ndio wanaoaminiwa na wagonjwa. Zanzibar nyumba za upataji nafuu zimeendeshwa na watu kama hao kwa miaka mingi. Twadai Kituo cha Afya cha Buguruni na Hospitali ya Amana viwe na naloksoni ya kutosha, na kwamba wenzake wa maskani, ambao ndio wa kwanza kumwona akibadilika rangi, wafundishwe kuitumia bila ya khofu ya kutiwa pingu kwa kumwokoa mtu. Twadai askari wa kituo akiambiwa na mtuhumiwa kwamba yuko katika methadoni, apige simu kituoni kwake na ampeleke akanywe, kama anavyopelekwa mwenye jeraha.

Na kwa wanawake twadai zaidi. Kwenye vituo vya methadoni wao ni wachache, na sababu si kwamba hawaugui. Mwanamke anayetoka gerezani huwa na mtoto aliyeachwa kwa jirani, na mara nyingi mwanamume anayemngoja ili amrudishe barabarani. Kumwambia aje dirishani kila siku alfajiri, bila ya kumwuliza mtoto atamwacha wapi, ni kumfukuza kwa maneno ya adabu.

Fedha? Kazi nyingi ya kuwafuata wagonjwa hawa mitaani imelipwa kwa miaka mingi na wafadhili, Wamarekani wakiwa mbele. Januari 2025 Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa saini ya siku moja, na nchi nzima za Afrika zikaanza kuhesabu vidonge. Serikali iliyomwachia mgeni ulinzi wa raia wake mwenyewe haina haki ya kushangaa mgeni akiondoka. Tazameni bajeti. Kumlisha na kumlinda mahabusu wa uzururaji kwa miezi, kumsafirisha kwenda na kurudi mahakamani mara kadhaa, kisha kumfutia kesi, ni fedha. Sisi twasema zitolewe hizo hizo.

Kwa hiyo karatasi hii inamwuliza Waziri wa Mambo ya Ndani na Waziri wa Afya wa Jamhuri ya Muungano, na Waziri wa Afya wa Zanzibar, maswali matatu, na nafasi ya majibu yao tutaiacha wazi katika toleo lijalo. Mahabusu mwenye methadoni akiachiwa mahakamani saa sita mchana, jina la afisa anayepaswa kujua kabla ya saa kumi ni lipi? Katika waliotoka magereza ya Dar es Salaam mwaka jana wakiwa na maradhi haya, wangapi walinywa dawa yao kesho yake? Na siku ya msamaha ijayo, dirisha la Muhimbili litaambiwa lini, kabla ya magazeti au baada yake?